Hisa Elfu Sita za Celina

Pale Kishanda, Kahangwa alikuwa na jina ambalo padri hakumbatiza nalo. Walimwita Mkurugenzi. Akipita na baiskeli yake, mkungu umefungwa nyuma, mtu anamrushia kutoka kibandani, "Mkurugenzi, kampuni imeamkaje leo?" Naye bila kugeuza shingo, "Imeamka inamuulizia baba yako." Watu wanacheka, anakanyaga pedali, anapita. Utani huo ulikuwa na miaka sita na haukumchoma tena. Kilichokuwa kinamchoma hakuna aliyekijua, na aliomba kila siku asitokee wa kukijua, hasa hasa binti yake Annastella.

Kampuni yenyewe ilikuwa ya simu na mtandao, ikiitwa Upeo Dijitali. Ilikuja Muleba mwaka elfu mbili na kumi na saba, ikaja kama harusi: magari mawili, spika, vijana wenye fulana za rangi ya chungwa, na jukwaa uwanjani. Wakubwa walikaa kivulini na wananchi juani, kama ilivyo kawaida ya nchi hii. Akasimama mkubwa mmoja mwenye tumbo lake, jina lake tuliache, akasema sasa teknolojia ni ya kila mwananchi, mnyonge naye atamiliki. Halafu akachungulia karatasi, na aliyemwandikia karatasi ile alikuwa anawajua watu wa huku, maana alisoma hivi: "Ninyi watu wa Kagera hamna haja ya kufundishwa hisa ni nini. Babu yako alipanda mbuni. Baba yako akauchuma. Wewe unauchuma, na mjukuu wako atauchuma. Hisa ni mbuni, ndugu zangu! Tena mbuni usiotaka samadi."

Watu wakapiga makofi. Kahangwa hakupiga. Yeye aliamini, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Shule aliishia darasa la nne, akawa anasoma kwa kufuata maneno na kidole. Lakini mbuni alikuwa anaujua. Aliwahi kuona kahawa inashuka mpaka gunia zima la maganda, kahawa kavu isiyokobolewa, halinunui sukari ya wiki. Jirani yake Kagaruki alikasirika akang'oa mibuni yote akapanda mihogo. Watu walisema huyo ndiye mwenye akili. Baba yake Kahangwa hakugusa shina hata moja. Miaka ikapita, bei ikarudi, na Kagaruki akaja mlangoni kofia mkononi kuomba miche. Hilo ndilo somo Kahangwa alilolielewa maishani kuliko yote ya darasani: bei ikishuka, kaa kimya, usiguse shina.

Basi akauza kahawa ya msimu ule. Haikutosha, akauza na ya misimu mitatu ijayo ikiwa bado maua, ile biashara tunayoiita butura, ambayo mnunuzi anakulipa leo nusu ya nusu halafu anakuja kuchuma yeye. Zikapatikana milioni tatu. Hisa moja ilikuwa shilingi mia tano. Akanunua elfu sita.

Siku ya kujaza fomu akaulizwa jina la mwenye hisa. Hapo akamfikiria kaka yake Apolinary. Kibanja cha Kahangwa, shamba lake la migomba na mibuni, kilikuwa cha ukoo, na chochote kilichotoka kwenye kibanja hicho kikabeba jina lake, kina Apolinary walikuwa na mdomo juu yake. "Andika la mke wangu," akasema. Celina Kokugonza, ambaye alimaliza la saba na ndiye aliyekuwa anaandika nyimbo za kwaya kigangoni, akachukua kalamu mwenyewe. Mwandiko wake ulikuwa wa mviringo, kila herufi imekaa kama yai kwenye kiota. Alipomaliza akamwangalia mumewe akacheka. "Leo umenioa mara ya pili, Ta Kahangwa."

Mwaka wa kwanza walisubiri gawio. Likaja, halikufika bei ya jembe. Bei ya hisa ikawa mia nne na sabini, ikawa mia nne na kumi. Lameki, fundi cherehani aliyenunua hisa mia tano, akaja anatweta. "Mkurugenzi, tuuze tukimbie."

"Uliwahi kuona mtu anang'oa mbuni kwa sababu ya msimu mmoja?"

"Huu si mbuni, bwana. Huu hata kuni hautoi."

"Subiri," Kahangwa akasema. Lameki akasubiri. Cheti chake akakitia kwenye nailoni akakitundika ukutani karibu na picha ya Yesu, akisema kama wakubwa wamekishindwa labda mwana wa Mungu atakiweza.

Mwaka wa tatu, kabla ya Pasaka, Celina akaanza kushika tumbo. Daktari akapapasa, akaandika barua ya kumpeleka hospitali kubwa ya Mwanza. Kulikuwa na uvimbe, akasema, na uvimbe haupendi kusubiri. Kahawa iliyokuwa shambani ilikuwa ya mtu mwingine bado. Mbuzi walikuwa wawili. Celina alikuwa jikoni anamenya ndizi, kisu kinatembea, hakuinua macho.

"Baba Annastella, uza zile hisa."

"Zimeshuka."

"Zimeshuka mpaka wapi?"

"Mia tatu na kumi. Tukiuza leo tumewaachia wale wezi zaidi ya milioni, hivi hivi. Ngoja mwezi wa sita, bei itageuka. Hukuiona kahawa?"

Celina akaweka kisu chini. "Na mimi nimeshuka mpaka wapi? Mimi bei yangu unaingoja igeuke lini?"

Jioni ile Celina akajaza fomu ya kuuza, akaweka sahihi, akamkabidhi pamoja na nauli.

Ofisi ya kuuzia hisa ilikuwa Bukoba mjini, ghorofani, na dirisha lake la kioo lilikuwa na kitundu chini cha kupitishia karatasi, hivyo mtu mzima inabidi ainame ndipo azungumze. Dada aliyekaa ndani alipokea fomu, akagonga muhuri, akaanza kuandika kwenye kompyuta. Halafu vidole vyake vikasimama. "Mzee, mnauza zote? Mmepata hasara kubwa. Kuna watu wanasema baada ya Juni itapanda, kuna mradi unakuja."

Kahangwa akabaki ameinama pale kwenye kitundu. Akaiona milioni yake na laki zake inaondoka na magari yale mawili. Akamwona mkubwa wa jukwaani anacheka. Akamwona Kagaruki na kofia yake.

"Nirudishie," akasema.

"Mwenye hisa si mama? Yeye amesaini."

"Mimi ni mumewe. Nirudishie."

Dada akamtazama. Akaigeuza fomu, akaandika kitu kwa nyuma, akagonga muhuri wa pili, akaipitisha kwenye kitundu. Kahangwa akaikunja mara nne bila kusoma. Maandishi ya ofisini hakuyapenda tangu zamani. Kila alipoyasoma yalikuwa yanadai kitu.

Nyumbani alimkuta Celina amekaa kwenye mkeka mbele ya mlango. "Wamesemaje?"

"Mtandao uko chini. Wamesema watatupigia simu."

Celina akamwangalia kama hajasikia. Kisha akaanza kucheka. "Kampuni ya mtandao! Wenye mtandao wenyewe! Mtandao wao uko chini!" Alicheka mpaka akajishika tumbo, na kucheka kukageuka kitu kingine, na Kahangwa akaingia ndani kutafuta maji.

Baada ya wiki mbili aliuliza, "Wamepiga?"

"Bado."

Hakuuliza tena. Kahangwa aliuza mbuzi, dawa za hapa na pale zikanunuliwa. Mwezi wa sita hisa ikawa mia mbili na arobaini. Hakuna mradi uliokuja. Mwezi wa nane wakamzika Celina nyuma ya nyumba, kwenye kibanja, kati ya migomba na mibuni.

Annastella alikuwa na duka la kuchapa na kutoa fotokopi Bukoba. Alikuja kumuuguza mama yake wiki za mwisho, na mama yake alimweleza yote aliyoyajua: kwamba tata wako, yaani baba, alikwenda, akakuta mtandao uko chini, na wale watu hawakupiga simu. Siku ya tatu baada ya maziko, wakiwa wanakunja maturubai, binti akasema, "Tata, hawa watu wamemuua mawe." Mawe kwa Kihaya ni mama.

Kahangwa akatikisa kichwa kukubali.

Angesema siku ile, labda. Lakini alitikisa kichwa, na tangu hapo uongo ukawa wa watu wawili. Kila Jumapili baada ya misa simu ilikuwa inaita. Annastella anauliza magoti, anauliza ndizi, anauliza kama amekula, halafu sauti inabadilika. "Umesikia wale wezi wamefanya nini tena?" Hapo mazungumzo yanakolea. Anamsomea habari kwenye simu: mkurugenzi mkuu amejiongezea mshahara, ofisi mpya imefunguliwa Dar ina viyoyozi mpaka chooni. Kahangwa anaongeza yake: wakubwa wa nchi hii ni jamii ya viroboto, tena kiroboto ana haya, akishashiba anashuka. Binti anacheka. Baba anacheka. Zilikuwa dakika ishirini kwa wiki, na katika nyumba ile isiyo na mke hapakuwa na kingine cha kusubiri.

Usidhani alikuwa anaigiza. Aliwachukia kweli. Nani alimwita juani akamwambia hisa ni mbuni? Nani alilipwa kuyasema yale? Wakubwa walijua, walioandika zile karatasi walijua, na hakuna hata mmoja aliyelala njaa. Lakini kila alipofika mahali pa kumlaani aliyemnyima Celina gari la Mwanza, ulimi ulikuwa unajikwaa, na alikuwa anaharakisha kusema kuhusu viroboto.

Mwaka wa elfu mbili na ishirini na tatu Lameki akaja na kuku kwapani.

"Mkurugenzi, pole na hongera. Tumefukuzwa kazi."

"Unasema nini?"

"Kampuni inatolewa sokoni. Mwenye kampuni, mkubwa mmoja wa nje ya nchi, ananunua hisa za wadogo wote. Shilingi arobaini. Nimechukua elfu ishirini zangu, nimenunua sabuni na kuku huyu." Akamtazama kuku. "Kuku mwenyewe ana mafua."

"Arobaini? Tulinunua mia tano!"

"Ndiyo. Na asiyedai mpaka Desemba, hata arobaini hapati. Nenda kadai zako."

"Si zangu. Ni za Celina."

Lameki akaacha mzaha. "Basi hapo kuna mirathi. Kikao cha ukoo, muhtasari, mahakama ya mwanzo. Karatasi zote za marehemu zinasomwa mbele za watu. Pole, ndugu yangu."

Lameki alipoondoka Kahangwa alikaa kwenye gogo muda mrefu. Laki mbili na arobaini elfu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitamani wezi wabaki na walichoiba. Aliona kikao: shemeji zake kutoka Kanazi, Apolinary, maswali. Lini mlinunua, lini mlitaka kuuza, nani alikwenda, aliambiwa nini. Akaamua atanyamaza mpaka Desemba ipite.

Jumapili simu ikaita. Annastella alikuwa amekwisha kuona tangazo.

"Tata, umesikia? Arobaini! Hawana hata aibu."

"Nimesikia. Waachie tu, mwanangu. Hela gani hiyo."

"Niwaachie? Wewe ndiye unaniambia niwaachie?"

"Usumbufu, nakwambia. Mahakama, nauli..."

"Tata, sitafuti hela. Hela hiyo hata tukiichoma sawa. Mawe aliandika jina lake pale. Walimnyima akiwa hai, tuwaachie na akiwa amekufa? Miaka yote tunawatukana bure? Jumamosi ijayo nakuja. Mwambie tata Apolinary aite kikao, mimi nitampigia mjomba Bartholomayo. Nitafutie karatasi zote za mawe. Zote, usibakize hata moja, wale wa mahakamani wanajua kurudisha watu."

Angefanya nini? Maneno yalikuwa yake mwenyewe, yamerudi yakiwa na mdomo wa binti yake. "Sawa," akasema.

Ijumaa akashusha sanduku la bati. Karatasi zote zilikuwa ndani ya bahasha moja, maana hakuwahi kutupa karatasi yoyote ya ofisi; ukitupa moja, hiyo ndiyo watakayoitaka. Akakaa kizingitini, akazipanga juu ya magoti, akafuata kwa kidole. Fomu ya kununua. Cheti. Barua ya gawio. Na ile fomu ya kuuza, bado ina mikunjo yake minne. Mwandiko wa Celina ulimshtua kama mtu aliyeitwa jina lake. Akasoma upande wa mbele polepole. Jina, idadi ya hisa, tarehe kumi na nne Machi, sahihi, na muhuri wa Bukoba.

Akaisoma tena, na moyo ukaanza kutulia. Kulikuwa na nini hapa cha kuogopa? Karatasi inasema Celina alitaka kuuza. Hilo Annastella analijua. Muhuri unasema Kahangwa alifika Bukoba. Si ndivyo alivyosema? Karatasi hii hata inamtetea. Ina muhuri! Atakayeuliza kama alikwenda, aoneshwe. Akaiweka juu kabisa ya nyingine, akafunga bahasha, na usiku ule alilala vizuri kuliko alivyolala kwa muda.

Jumamosi saa nne asubuhi walikuwa wamekaa. Apolinary kwenye kiti cha mwenyekiti. Bartholomayo, kaka yake Celina, alitoka Kanazi kwa pikipiki na bado alikuwa amepakata kofia ngumu kama mtoto. Wazee wengine watatu wa ukoo, Lameki kama jirani na shahidi. Kahangwa alipitisha kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kila mtu akachukua punje zake. Annastella alikaa mezani na daftari. Yeye ndiye mwandishi, kwa kuwa hapakuwa na mwandiko mwingine ambao hakimu angeusoma.

Apolinary akafungua kwa sala, kisha kwa sumu kidogo. "Kwa hiyo mdogo wangu aliandika jina la mke ili sisi tusile."

"Mngekula nini, Ta Apolinary?" Lameki akasema. "Mimi nimekula, nimepata kuku wa mafua."

Wakacheka, hata Bartholomayo. Kahangwa naye akacheka. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

"Haya waitu, ndugu zangu, tusome mali za marehemu," Apolinary akasema. "Mwandishi, karatasi moja moja, kwa sauti, kila mtu asikie."

Annastella akafungua bahasha. Ya juu ilikuwa ile. Akaikunjua, na alipouona mwandiko akapitisha kidole juu ya jina. Halafu akasoma kwa sauti ya kazini. "Fomu ya kuuza hisa. Mimi Celina Kokugonza wa Kishanda, naomba kuuza hisa zangu elfu sita, zote. Sababu... matibabu."

"Mungu amlaze pema," mzee mmoja akasema.

"Na mnaona muhuri," Kahangwa akadakia. "Nilifika. Bukoba nilifika."

"Tunaona," Apolinary akasema. "Kuna kingine?"

Annastella akaigeuza, kama mtu wa fotokopi anavyogeuza kila karatasi aone kama ina upande wa pili. Akaendelea kusoma kwa sauti ile ile, maana mdomo ulikuwa umeshaanza kazi kabla akili haijafika.

"Imerudishwa tarehe kumi na nne Machi, saa tano na nusu, kabla ya kuuzwa, kwa ombi la mume wa mwenye hisa aliyeileta. Ameshauriwa kuwa mwenye hisa ndiye mwenye uamuzi. Ameikataa huduma. Bei ya siku, shilingi mia tatu na kumi."

Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Yalisikika mapigo ya shoka matatu, manne.

Bartholomayo akatema kahawa aliyokuwa anatafuna, akaipokea kwenye kiganja. Punje zilizobaki mkononi akainuka akazirudisha kwenye kikapu, moja moja, kisha akakaa.

"Shemeji," akasema. "Si ulituambia mtandao ulikuwa chini?"

"Yule dada," Kahangwa akasema. "Yule dada wa dirishani ndiye aliyeniambia. Hasara, alisema. Baada ya Juni, alisema. Sasa ananiandika kwa nyuma kama mwizi! Na yule mkubwa wa uwanjani, wote mlikuwepo, Lameki ulikuwepo. Si alisema ni mbuni? Mbuni unaung'oa bei ikishuka? Semeni! Unaung'oa?"

Lameki alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

"Mia tatu na kumi mara elfu sita," Bartholomayo akasema taratibu, "ni milioni moja na laki nane na zaidi. Mwanza ilikuwa inataka ngapi?"

Wote walijua ilikuwa inataka chini ya hapo.

Annastella hakulia. Kahangwa aliomba alie. Badala yake aliilaza ile fomu juu ya meza, akaisawazisha mikunjo kwa kiganja, mmoja mmoja.

"Tata," akasema, "mimi nimewatukana watu miaka mitatu."

"Walistahili!"

"Kila Jumapili. Na wewe unaitikia. Unacheka."

"Wale ni wezi, mwanangu. Ni wezi kweli."

"Ni wezi," akasema. "Najua ni wezi." Akachukua kalamu. "Mwenyekiti, kikao kinamteua nani msimamizi wa mirathi? Niandike."

Apolinary akakohoa, akamtazama mdogo wake, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wao hakukuwa na sumu machoni mwake, na hilo lilikuwa gumu kulivumilia kuliko sumu. "Andika jina lako," akasema.

Wakasaini. Kahangwa alisaini wa mwisho, jina lake lote, polepole. Annastella akaweka karatasi kwenye mkoba, ile fomu akaitia peke yake katikati ya daftari. Alikwenda nyuma ya nyumba, akasimama kaburini muda wa kutosha kusali rozari nusu, halafu akapanda pikipiki moja na mjomba wake. Ndizi alizokatiwa na baba yake hakuzichukua. Zilibaki zimeegemea ukuta mpaka zikaiva.

Jumapili iliyofuata simu haikuita. Wala ile nyingine. Alipopiga yeye, iliita mpaka ikachoka. Tangazo la mahakama likabandikwa ubaoni, miezi ikapita, hakuna aliyeweka pingamizi. Nani aweke, na kwa ajili ya nini. Wiki ya pili ya Desemba, akiwa anaanika maharage, simu ikatoa mlio mfukoni. Akadhani ni binti yake. Na kweli alikuwa yeye. Shilingi laki mbili na arobaini elfu kutoka kwa Annastella, hakukata hata nauli ya mahakamani. Chini yake ujumbe, akausoma kwa kidole:

"Hela ya mawe yote hiyo. Mbuni wako umezaa."

Akapiga hapo hapo. Iliita. Akasubiri, akapiga tena. Kisha akajibu kwa maandishi, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, akitafuta herufi moja moja: wale watu walinidanganya. Akaisoma. Akaifuta. Akaandika: mwanangu. Hakujua kinachofuata baada ya hapo. Alituma hivyo hivyo.

Hela ilikaa kwenye simu. Hakwenda kuitoa, na hakumwambia mtu.

Mwaka uliofuata kahawa ikapanda. Ilipanda kama watu hawajawahi kuona, maganda yakawa yanagombewa, wanunuzi wanaingia na pikipiki mpaka mlangoni kabla hata kahawa haijakauka. Mibuni ya Kahangwa, ambayo haikung'olewa na baba yake wala na yeye, ilikuwa imeinama kwa matunda. Ilizaa hata ile inayozunguka kaburi. Hiyo ndiyo iliyozaa zaidi.

Jumapili moja baada ya misa alikaa kwenye gogo, simu juu ya goti. Alianza kuwasema wale wakubwa, kwa mazoea, kwa sauti ya chini, viroboto na viyoyozi vya chooni, akafika mahali ambapo Annastella alikuwa anachekea, akaacha nafasi. Nafasi ikabaki hivyo.

Lameki alikuwa anapita na gunia kichwani, anakwenda kuuza. Akasimama barabarani, jasho linamtoka, uso umejaa furaha.

"Umeona bei, Ta Kahangwa? Si ulisema! Ulisema bei itarudi, tukakucheka!"

"Nilisema," Kahangwa akajibu.

Akaitia simu mfukoni, akachukua kikapu, akaenda kuchuma.